Mtoto Kiziwi Haji Shuleni Mikono Mitupu

Mhadhara uliotolewa kwa walimu, wazazi na viongozi wa Kata ya Mwembesongo, Manispaa ya Morogoro, katika Wiki ya Viziwi Duniani

 

 

Kabla ya kuanza nina maombi mawili. La kwanza, naomba asisimame mtu kati ya mkalimani na ndugu zetu viziwi waliokaa safu za mbele, hata mpiga picha. Kumkinga kiziwi asimwone mkalimani ni sawa na kunizimia mimi kipaza sauti. La pili, mkalimani wetu ana ruhusa ya kunisimamisha. Nikienda mbio, anyooshe mkono, nami nitatulia. Mhadhara huu unakwenda kwa lugha mbili, na zote mbili ni za Watanzania.

Nimeombwa nizungumzie historia ya watu wenye ulemavu, utamaduni wa viziwi na elimu jumuishi katika shule za umma. Kusudi langu ni moja. Nataka tukubaliane kwamba mtoto kiziwi anapoandikishwa darasa la kwanza, haji mikono mitupu. Anakuja akiwa mrithi wa historia, mwenye haki ya lugha, na mwana wa jamii yenye desturi zake. Shule inayompokea kwa huruma peke yake imempokea nusu. Shule jumuishi ni ile inayompokea pamoja na urithi wake, kisha ikaufundisha urithi huo kwa watoto wote, wanaosikia na wasiosikia.

Nitalijenga hilo kwa hoja tano.

Hoja ya kwanza: Historia ya watu wenye ulemavu ni historia ya taifa

Mtoto wa darasa la tano anajifunza Vita vya Majimaji, Azimio la Arusha na Muungano. Ni vizuri. Lakini muulize ni lini kiziwi wa kwanza alipata darasa katika nchi hii, atakutazama tu. Na muulize mwalimu wake, huenda naye akakutazama.

Tuanze basi. Mwaka 1950 Kanisa Anglikana lilifungua shule ya wasioona Buigiri, Dodoma. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki likafungua shule ya viziwi Tabora, ya kwanza ya aina yake nchini. Mwaka 1974 ikaanza shule ya viziwi Buguruni, Dar es Salaam. Baadaye Kanisa la Kilutheri likafungua shule za viziwi Mwanga, kule Kilimanjaro, na Njombe.

Angalieni nani walianza. Serikali ya kikoloni haikumpangia kiziwi kiti darasani, na taifa changa la mwaka 1961 lilirithi upungufu huo. Makanisa na vyama vya hiari vikaziba pengo, kwa hiyo shule zikawa chache, za bweni, na za mbali. Reli ya Kati inapita hapa jirani. Mzazi wa Mgeta au Matombo aliyetaka mtoto wake kiziwi asome mwaka 1963 ilimpasa ateremke Uluguru, ampandishe mtoto treni hapa Morogoro, na kumpeleka zaidi ya kilomita 600 hadi Tabora. Wangapi wangeweza? Ilipofika Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliyofanya kuandikishwa shule kuwa lazima, madarasa ya nchi yalijaa. Watoto viziwi wengi walibaki nyumbani, kwa sababu neno "wote" lilikuwa halijawafikia.

Historia hii, hata hivyo, si ya kusaidiwa tu. Watu wenye ulemavu walijipanga wenyewe. Chama cha Wasioona Tanzania kilianzishwa mwaka 1964, nchi ikiwa bado na umri wa mtoto mdogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viziwi wakaanzisha CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Mwaka 1992 vyama vikaungana katika shirikisho la SHIVYAWATA. Ni madai ya vyama hivi, mkutano baada ya mkutano, barua baada ya barua, yaliyotufikisha kwenye Sera ya Taifa ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2004, kwenye kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kwenye Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010. Sheria hiyo haikuteremka kama mvua. Watu waliitafuta.

Watoto wetu wawajue pia watu. Wamjue Salum Barwany, aliyechaguliwa kwa kura za wananchi wa Lindi Mjini mwaka 2010, mtu mwenye ualbino, katika miaka ambayo wenzake walikuwa wakiwindwa. Wamjue Dk. Elly Macha, mwanamke asiyeona aliyesoma hadi shahada ya uzamivu Manchester, Uingereza, akaingia Bungeni mwaka 2015. Wamjue Alex Ndeezi wa Uganda, kiziwi aliyeingia Bunge la nchi yake mwaka 1996.

Na wamjue Andrew Foster. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi, aliyezaliwa Alabama mwaka 1925 na kupoteza usikivu akiwa na miaka 11 kwa ugonjwa wa uti wa mgongo. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu shahada katika Chuo cha Gallaudet, chuo cha viziwi kilichopo Washington. Mwaka 1957 alikwenda Ghana akafungua shule ya viziwi Accra, na kwa miaka 30 iliyofuata akafungua zaidi ya shule 30 katika nchi nyingi za Afrika. Alifundisha kwa alama, wakati ambapo walimu wengi wa kimisheni waliamini kwamba kiziwi lazima alazimishwe kutamka. Kiziwi mweusi akisimama mbele ya watoto viziwi weusi, akiwafundisha kwa mikono yake: watoto wale waliona kwa macho yao kwamba inawezekana. Alifariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda tarehe 3 Desemba 1987. Miaka mitano baadaye Umoja wa Mataifa uliitangaza 3 Desemba kuwa Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Tarehe zimekutana tu, lakini mwalimu wa historia hahitaji sababu bora kuliko hiyo ya kumtaja Foster mstarini asubuhi ya siku hiyo.

Hoja ya pili: Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili

Wapo bado wanaodhani kwamba alama ni kuigiza, au ni Kiswahili kilichohamishwa mdomoni kikapelekwa mikononi. Nataka tulione jambo hili kwa karibu.

Ndugu mkalimani, nikuombe usogee kidogo mbele. Mwonyeshe kila mtu sentensi hii: "Mama amempa mtoto embe." Tazameni. Amemweka mama upande wa kulia, mtoto upande wa kushoto. Mkono wa kutoa umeanzia kwa mama ukaishia kwa mtoto. Sasa sema: "Mtoto amempa mama embe." Mmeona? Umbo la mkono ni lile lile, lakini safari imegeuka. Kiswahili kinapotofautisha "nakupa" na "wanipa" kwa viambishi, lugha ya alama inatofautisha kwa mwelekeo wa mkono hewani. Hiyo ni sarufi. Nyusi zina kazi katika sarufi hiyo, na kutikisa kichwa, na mwelekeo wa macho. Mtu anayetazama mikono tu amekosa nusu ya sentensi.

Wataalamu wa isimu walichelewa kulikubali hili. Mwaka 1880 walimu wa viziwi, karibu wote watu wanaosikia, walikutana Milan, Italia, wakaamua kwamba shule zifundishe kwa matamshi na alama ziondolewe. Uamuzi ule ulisambaa duniani. Walimu viziwi walipoteza kazi, na watoto walifungwa mikono. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu wa Gallaudet, alichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba lugha ya alama ina muundo wake kama lugha nyingine yoyote. Na ilikuwa hadi mwaka 2010, kule Vancouver, Kanada, kongamano la kimataifa la elimu ya viziwi lilipoyakataa rasmi maazimio ya Milan. Miaka 130.

Huku kwetu nako shule za mwanzo zilielemea kwenye kutamka na kusoma midomo. Lakini watoto hawakusubiri ruhusa ya mtu. Bwenini, uwanjani, kwenye foleni ya uji, kila mmoja alikuja na alama za nyumbani kwao, wakachanganya, wakachuja, wakarithishana. Kila shule ikakuza alama zake, kiasi kwamba aliyesoma Tabora na aliyesoma Buguruni walipokutana ilibidi wapatane kwanza. CHAVITA ikaifanya kazi ya kukusanya na kuoanisha, ikatoa kamusi mwaka 1993. Miaka ya mwanzo ya 2000, Profesa Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaandaa kamusi nyingine katika Mradi wa Lugha za Tanzania, mradi ule ule uliozishughulikia lugha za makabila yetu. Lugha ya viziwi ikapewa nafasi yake kati ya lugha za nchi.

Wenzetu jirani wamekwenda hatua zaidi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliitaja lugha ya alama na kuitaka dola iikuze. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa moja ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Sisi tulioipa Afrika Mashariki mfano wa kuenzi lugha yetu tuna kila sababu ya kufika huko.

Hoja ya tatu: Ujumuishi wa kiziwi unaanza na lugha, dawati linafuata

Hapa naomba walimu wanisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo nia njema inapopotea njia.

Tumeambiwa, na ni kweli, kwamba mtoto mwenye ulemavu asome na wenzake katika shule ya karibu na nyumbani. Kwa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, njia ya mteremko, mlango mpana na choo kinachofaa humfungulia sehemu kubwa ya shule. Mtoto kiziwi mlango anaupita bila shida. Kizuizi chake kiko ndani, hakionekani.

Chukulia mtoto mmoja kiziwi katika darasa la wanafunzi 80. Mwalimu anaeleza huku akiandika ubaoni, mgongo umewageukia watoto. Wenzake wanasikia, yeye anaona mgongo. Mwalimu anauliza swali, mtoto wa nyuma anajibu, darasa linacheka. Yeye anageuka amtafute aliyesema, na anapompata, kicheko kimekwisha. Ananakili ubao kwa mwandiko mzuri, mwalimu anaweka vema. Mwisho wa mwaka daftari limejaa na mtoto hajui lililoandikwa. Katika takwimu za shule huyu amehesabiwa kuwa amejumuishwa. Ukweli ni kwamba amekaa peke yake katikati ya watu 80.

Wala tusidhani kwamba nyumbani hali ni nafuu. Watoto viziwi wengi mno huzaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua alama. Wengine walizaliwa wakisikia, wakapoteza usikivu kwa uti wa mgongo, kwa malaria kali, kwa surua au kwa masikio yaliyotoka usaha bila kutibiwa. Mama anampenda mwanawe, anamwonyesha chakula, maji, njoo, hapana. Lakini hawezi kumsimulia hadithi, wala kumweleza babu alikwenda wapi baada ya mazishi. Mtoto anafikisha miaka saba hana lugha iliyokamilika, na miaka ile ndiyo ambayo ubongo hupokea lugha kwa wepesi zaidi. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa sababu hiyo hata waliotuletea wazo la elimu jumuishi walitahadharisha. Tamko la Salamanca la mwaka 1994, ambalo ndilo msingi wa elimu jumuishi duniani, lilikiri kwamba kwa viziwi, kwa ajili ya mahitaji yao ya mawasiliano, shule maalumu au madarasa na vitengo maalumu ndani ya shule za kawaida huenda vikafaa zaidi. Lugha inahitaji watu wa kuzungumza nao. Mtoto mmoja hawezi kuwa na lugha peke yake.

Ushauri wangu basi ni huu. Badala ya kumtawanya kila kiziwi katika shule iliyo karibu na nyumba yake, manispaa iteue shule chache zenye vitengo imara, watoto viziwi wa rika moja wakusanyike hapo, walimu wenye alama wakusanyike hapo, na wanafunzi wanaosikia wa shule hizo nao wafundishwe alama. Hapo kiziwi ana wenzake wa lugha yake darasani, na ana marafiki wanaosikia uwanjani anaoweza kuzungumza nao. Huo ndio ujumuishi.

Naona mzazi mmoja anatikisa kichwa, na swali lake nalijua, kwa kuwa huulizwa kila mahali: mtoto akizoea alama, hatazembea kujifunza kusoma na kutamka? Mama yangu, nakujibu kwa heshima. Mtoto mwenye lugha moja imara ana mahali pa kuegemeza lugha ya pili. Mtoto aliyezaliwa Uluguru akaanza na Kiluguru kwa bibi yake hakushindwa Kiswahili kwa sababu hiyo. Shimesikio likipatikana, avae. Upasuaji wa kupandikiza kifaa cha usikivu, ambao Muhimbili ilianza kuufanya mwaka 2017, ukimfaa, afanyiwe. Lakini betri huisha, vifaa huharibika, na si kila sikio husaidika. Lugha ya alama haiishi chaji.

Jambo hili linagusa hata mitihani. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na ni haki yao. Lakini muda hautoi lugha. Mtoto aliyekosa lugha miaka saba hawezi kuipata kwa dakika za nyongeza.

Hoja ya nne: Utamaduni wa viziwi unatunufaisha sote

Mji huu uliowalea wanamuziki Mbaraka Mwinshehe na Salim Abdallah hauhitaji kuelezwa maana ya utamaduni. Watu wakiishi pamoja kwa lugha moja, huzaa desturi, utani, heshima na namna ya kuliangalia jambo. Viziwi nao wamezaa vyao.

Wana majina ya alama. Mtu hajipi mwenyewe, anapewa na jamii ya viziwi, mara nyingi kwa jambo lililoonekana kwake: kovu, tabasamu, namna ya kutembea. Kuitana kwao ni kugusana bega, kupunga mkono, kupiga mguu sakafuni mtetemo ufike, au kuwasha na kuzima taa. Wanapokaa kuzungumza hukaa duara ili kila uso uonekane. Na kushangilia kwao ni kuinua mikono yote miwili na kuipepea. Tujaribu sote. Inueni mikono. Hayo ndiyo makofi, na mtu aliye mbali kabisa ameyaona.

Kuna desturi moja inayogongana na yetu, na imewaletea watoto fimbo zisizo zao. Kwetu, mtoto anayesemeshwa na mkubwa huinamisha macho, ndiyo adabu. Mtoto kiziwi akiinamisha macho, amefunga masikio. Anakukazia macho usoni kwa sababu anakusikiliza. Mwalimu asiyelijua hilo humwona jeuri. Mwalimu anayelijua humwinamia kidogo, akamtazama naye, na mazungumzo yakaanza. Ni jambo dogo, halina gharama, na linaweza kubadili maisha ya mtoto kuanzia Jumatatu.

Manufaa kwa wanaosikia ni makubwa kuliko tunavyodhani. Wenyeji wa Morogoro mnaijua mvua ya masika inaposhuka kutoka Uluguru ikapiga bati. Mwalimu anapaza sauti, anashindwa, anaweka chaki mezani, na kipindi kimepotea. Darasa la alama linaendelea kama kawaida. Mtoto anayesikia aliyejifunza alama anaweza kumwuliza mwenzake swali kutoka ng'ambo ya uwanja. Anajifunza kumtazama mtu anayezungumza naye, na kusubiri zamu. Akikua akawa muuguzi, askari, mhudumu wa benki au kondakta pale stendi ya Msamvu, kiziwi atakayefika mbele yake hatahitaji kuja na mtoto wa kumtafsiria siri zake.

Kuna watu wa kutosha wa kuhudumiwa hivyo. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina mojawapo. Ni zaidi ya mmoja katika kila watu kumi. Katika ukumbi huu hakuna ukoo ambao hauguswi.

Hoja ya tano: Kuadhimisha ni kazi ya mwaka mzima, na ina mahitaji yake

Tumezoea maadhimisho ya fulana, ngonjera na hotuba. Sikatazi, watoto hufurahi. Ila mkataba tulioridhia mwaka 2009 unadai zaidi. Kifungu chake cha 24 kinataka shule ziwezeshe watoto kujifunza lugha ya alama na kukuza utambulisho wa kilugha wa viziwi, na kinataka waajiriwe walimu wanaoimudu lugha hiyo, wakiwemo walimu wenye ulemavu wenyewe. Kifungu cha 30 kinautaja utamaduni wa viziwi kwa jina na kuutaka utambuliwe na kuungwa mkono. Nchi yetu ina Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi. Karatasi tunazo. Naomba sasa nitaje mambo yaliyo ndani ya uwezo wa kata hii.

Moja, kila mtaa uandikishe watoto wenye dalili za kutosikia kabla hawajafika umri wa shule. Mwenyekiti wa mtaa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wanazijua nyumba hizo. Mtoto asiyegeuka anapoitwa apelekwe akapimwe, asisubiri darasa la kwanza.

Mbili, wazazi wafundishwe alama. Jumamosi mbili kwa mwezi, katika darasa lililo wazi, mwalimu akiwa kiziwi mtu mzima wa hapa hapa Morogoro. Na alipwe. Ujuzi wake ni taaluma.

Tatu, kila shule iwe na klabu ya lugha ya alama, na wanafunzi wote wajue angalau herufi za vidole, salamu, namba na maneno ya kuombea msaada.

Nne, mazingira ya shule yaseme na macho. Kengele ya shule zetu nyingi ni rimu kuukuu la gari lililoning'inizwa mtini. Basi pamoja na rimu lile, ipandishwe bendera au ipungwe, kiziwi ajue kipindi kimekwisha. Mwalimu aandike kwanza, ageuke, ndipo aeleze. Kiziwi akae mbele, mwanga ukimwangukia mwalimu usoni.

Tano, walimu wapelekwe masomoni. Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinafundisha elimu maalumu. Mwalimu akirudi, asihamishiwe shule isiyo na kitengo. Ni hasara kubwa kumsomesha mtu alama kisha kumpeleka mahali asipo na wa kuzungumza naye.

Sita, vijana viziwi wanaomaliza shule waundiwe vikundi. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo akifika na mkalimani, vijana hao watajua fomu inasema nini. Mtoto wa darasa la pili akimwona kiziwi mwenye karakana yake mwenyewe, atajua masomo yake yanaelekea wapi.

Saba, kalenda ya shule iwe na siku mbili zisizopita kimya: 23 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, iliyochaguliwa kwa kuwa tarehe hiyo mwaka 1951 Shirikisho la Viziwi Duniani lilianzishwa Roma, na 3 Desemba, Siku ya Watu Wenye Ulemavu. Shule nyingi huwa zimefunga ifikapo Desemba, kwa hiyo walimu wa historia wafundishe somo hilo wiki ya mwisho ya muhula. Katika siku hizo wazungumzaji wakuu wawe watu wenye ulemavu wenyewe, nasi wengine tukae viti vya wasikilizaji.

Hitimisho

Ndugu zangu, nimesema kwamba viziwi wana historia, wana lugha, na wana utamaduni. Kwamba kumkalisha kiziwi peke yake katikati ya wanaosikia si kumjumuisha. Na kwamba kazi ya kubadili hali hii inaweza kuanza katika kata hii kwa mambo ambayo mengi yake hayasubiri fedha kutoka Dodoma.

Naiomba kamati ya maendeleo ya kata iyachukue mambo haya saba iyaweke kwenye ajenda ya kikao chake kijacho, na kila moja liandikiwe jina la mtu atakayelisimamia. Nawaomba viongozi wa CHAVITA wapewe kiti katika kikao hicho, pamoja na mkalimani. Naiomba Manispaa iteue shule za vitengo mapema, kabla ya uandikishaji wa darasa la kwanza wa Januari, ili mzazi mwenye mtoto kiziwi ajue pa kumpeleka siku ya kwanza.

Mtoto kiziwi atakayeandikishwa Januari hiyo atamaliza elimu ya msingi, atakwenda sekondari, na miongoni mwa wenzake wa kizazi hicho watatoka walimu. Lengo letu liwe kwamba siku akirudi hapa kuripoti kazini, akute shule ambayo mwalimu mkuu anamkaribisha kwa alama, wanafunzi wanamsalimu kwa alama, na somo la historia analotakiwa kufundisha lina sura inayowahusu watu wake. Kazi hiyo iko ndani ya uwezo wetu, na muda wake ni sasa.